Fundi Wangu ni Mtani Wangu

Mtu akitaka kununua gari, watu humshauri aangalie injini, aangalie bodi, aulize kama limewahi kupata ajali. Mimi hakuna aliyenishauri niangalie kabila la fundi. Ningeambiwa hivyo ningecheka, maana fundi ni fundi, na boliti haijui kwao ni wapi. Lakini mimi ni Mkwere, na fundi wa kuaminika aliye karibu na nyumba yangu hapa Bagamoyo ni Mnyamwezi, kwa hiyo sisi ni watani. Na mtani, kwa asiyemjua, ni mtu anayeweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akakamata kuku wako akaondoka naye, akaingia kaburini siku ya msiba wenu akagoma kutoka mpaka apewe chochote, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, aliyekosa adabu ni wewe.

Sasa mimi nina hasira za karibu. Marehemu mume wangu alikuwa akisema hasira zangu zinakaa barazani, mgeni hana haja ya kupiga hodi. Kupewa fundi ambaye siruhusiwi kumkasirikia ni mtihani ambao Mungu alinichagulia mwenyewe.

Kazi yangu ni upishi wa shughuli. Harusi, maulidi, arobaini, mahafali, popote watu wanapokaa na kusubiri sinia, nipo mimi na masufuria yangu. Zamani nilikuwa nakodi bajaji na vipikapu vya watu, na siku moja dereva aliyenibebea pilau kwenda Kaole aliamua kupitia kwa mchumba wake kwanza. Wageni walikula saa kumi jioni na lawama zote nikabeba mimi. Siku hiyo niliapa kwamba sufuria langu halitapanda tena gari la mtu. Nikajinyima, nikacheza mchezo wa kina mama wa kupeana pesa kwa zamu, nikanunua langu.

Ni gari dogo la Kijapani, lenye mgongo mrefu, rangi ya uji wa ulezi. Limetumika huko kwao, likaja kutumika Dar, ndipo likanifikia mimi. Aliyeniuzia alisema lilikuwa la mama mmoja aliyekuwa akienda nalo sokoni tu. Sijui kwa nini magari yote yanayouzwa yalikuwa ya akina mama wanaokwenda sokoni tu. Hilo soko lao lazima limejaa sana.

Mwanzoni lilikuwa na adabu ya bibi harusi. Kisha likazoea. Shokapu zikala friji niliyokuwa nimeshaichagua dukani na kuipapasa mlango. Betri ikala sare ya harusi ya mpwa wangu, nikaenda na khanga za nyumbani nikakaa nyuma karibu na wapishi, ambako hata hivyo ndiko nilikozoea. Tairi za mbele zikala bati la jiko la nje, na mvua za masika zilipokuja nikapikia chini ya turubai nikiitukana barabara ya Kaole. Ubaya wa gari si kwamba linakula. Hata mtoto anakula. Ubaya ni kwamba mtoto unamjua saa yake ya kula.

Mbona huliuzi, watu huniuliza. Siliuzi kwa sababu ipo asubuhi ninayopanga masufuria nyuma, nakunja khanga kuyazuia yasigongane, nafungua vioo vyote, harufu ya pilau inatoka na kuwafikia watu barabarani, na wale wanaonijua wananipungia mkono. Asubuhi hiyo najiona mtu. Furaha hiyo haina bei, na kama inayo, basi nimeshailipa.

Siku ya kwanza kupeleka gari gereji, fundi alifungua boneti, akachungulia, akaniuliza, "Dada, wewe kabila gani?"

Nilidhani ni namna mpya ya kupanga bei. Nikajibu, "Mkwere."

Alipiga makofi, akageukia wenzake waliokuwa chini ya lori. "Jamani, tokeni! Mali yangu imekuja yenyewe kwa miguu yake!"

Nilijua papo hapo. "Nyamaza, mla michembe ya viazi we," nikamwambia, "fungua gari la mabwana zako." Gereji nzima ikacheka, na udugu wetu ukaanza pale, kati ya madumu ya oili chafu.

Ni fundi mzuri, nitasema kweli. Ila ana tabia moja ya mafundi wote: gari la mteja likishapona, lazima lijaribiwe. Siku moja nimesimama sokoni nachagua vitunguu, nikaliona gari langu linapita, limeinama nyuma kama ngamia anayepiga magoti, limejaa mifuko ya saruji. Anajengea kwake. Nilimkimbilia nikipiga kelele, naye akasimama, akatoa kichwa dirishani, akasema, "Mtani, naijaribu shokapu." Nikafungua mdomo kutukana, nikakumbuka kwamba kutukana ndiyo haki yangu ya kila siku na hakuna tusi jipya. Nikapanda, akanifikisha nyumbani pamoja na saruji yake.

Tabia yake ya pili ndiyo iliyoniponza. Mnyamwezi huyu hajawahi kuniambia ugonjwa wa gari kwa maneno ya kawaida. Plagi ikichafuka, atasema, "Hili nalizika kesho, leta sanda." Waya ukikatika, atasema, "Nenda kawaite wenzako mje mlie." Mwanzoni nilikuwa nashtuka. Halafu nikazoea, kwa sababu kila alipotangaza msiba, baada ya saa moja gari lilikuwa linaunguruma na mimi naondoka. Nikajifunza kucheka kwanza, kuuliza baadaye. Mara nyingine hata kuuliza nilisahau.

Ikafika harusi ya binti yangu. Ninaye mmoja tu.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, kwenye harusi yangu mwenyewe. Mimi nilikulia mjini kwa shangazi yangu ili nisome, na niliolewa hapo hapo kwa shangazi. Mama yangu alikuwa Fukayosi shambani, kama alivyo mpaka leo. Ilipofika siku, wakwe wa shangazi waliazima lori likapita Fukayosi kuchukua ndugu. Lilipofika kwa mama lilikuwa limejaa, na walioketi walikuwa wameshakunja miguu. Wakamwambia, "Dada, subiri hapo hapo, tunarudi kukuchukua." Akasubiri. Alikuwa amevaa khanga mpya na amebeba kuku wa kunipa. Hawakurudi. Alikuja kufika kwa baiskeli ya mtu, jua limekwisha kupoa, mimi nimeshaozwa, na watu wanakwangua ukoko. Alikaa akala ukoko, akasema umeiva vizuri. Nimepika mapilau mengi tangu siku ile na kila nikikwangua ukoko namwona amekaa pale.

Tangu hapo mama hapandi gari la watu kwenda kwenye shughuli. Anatembea, au haendi. Nilipomwambia mjukuu wake anaolewa, alijibu hivi: "Nitakuja na gari la mwanangu. Lisipokuja la mwanangu, mniletee ubwabwa wangu huku." Kisha akawatangazia Fukayosi wote kwamba binti yake atakuja kumchukua. Na binti yangu naye, mwenye kichwa kigumu kama sisi wote, akasema yeye havai mtandio wa harusi mpaka avalishwe na bibi yake kwa mkono wake. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Nikah ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri, na kabla ya hapo mama yangu alitakiwa awe amefika, na awe amefika na gari langu. Nilisema moyoni kwamba mama yangu hatafika mara ya pili wakati wa ukoko, hata kama nitalisukuma gari kwa kifua.

Alhamisi ya wiki ile nikaenda gereji. "Mtani," nikamwambia, "Jumamosi asubuhi naenda Fukayosi kumchukua mama. Niangalizie."

Akaliwasha, akainamisha sikio, akapitisha mkono chini ya injini, akautazama ukiwa umelowa. "Hili halifiki Fukayosi," akasema. "Na likifika halirudi."

"Wewe na kinywa chako."

"Nakwambia. Pampu ya maji inalia kama Mkwere aliyenyimwa ngoma. Niachie, kesho niifungue."

"Nikuachie ukabebee saruji?"

"Usiponiachia mtalala njiani wewe na mama yako, mimi nije nimwoe huko huko porini."

"Mama yangu haolewi na mpagazi," nikasema. "Na likizimika utanibeba. Babu zako walibeba meno ya tembo kutoka kwenu mpaka hapa pwani kwa miguu, wewe utashindwa Mkwere mmoja?"

Waliokuwa chini ya lori walitoka kuja kucheka vizuri. Yeye mwenyewe alicheka mpaka akakaa juu ya tairi akifuta machozi kwa mkono wenye grisi. Nilipanda gari langu nikaondoka kifua mbele, kwa sababu siku ile nilikuwa nimeshinda. Pampu ya maji ilibaki katikati ya kicheko na hakuna aliyeiokota.

Jumamosi nilifika Fukayosi mapema. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti mbele ya nyumba, na jirani aliniambia amekaa pale tangu alipomaliza kuswali alfajiri. Amevaa khanga mpya. Pembeni ana kikapu cha mananasi na kuku mwekundu aliyefungwa miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akanitazama, akalitazama gari. "Umekuja kweli."

Nikasema, "Nilisema nitakuja." Nikabeba kikapu nikakipakia.

Aliketi kiti cha nyuma katikati, kuku miguuni. Nilipotaka kuondoka akasema, "Pitia kwa shangazi yako mdogo."

"Mama, muda."

"Muda upo. Pitia na pale dukani. Halafu punguza mwendo, unawatimulia watu vumbi."

Vumbi lilikuwa kisingizio. Alitaka aonekane. Tukapita Fukayosi yote kwa mwendo wa maiti, mama akitoa mkono dirishani, akiulizwa "Unakwenda wapi, mama?" na watu wanaojua vizuri anakwenda wapi, naye akiwajibu kila mmoja kwa kituo, "Nakwenda kumwoza mke mwenzangu. Mwanangu amekuja kunichukua." Nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikuutazama mshale wa joto. Nilipoutazama ulikuwa umepanda na kulala upande usiotakiwa.

Tulipoingia lami nikaongeza mwendo nikijidanganya kwamba upepo utalipoza. Kabla hatujafika Makurunge, mvuke ukatoka kwenye boneti. Mimi ni mpishi, mvuke naujua. Nikasogea pembeni, nikazima.

"Limechemsha," akasema mama kutoka nyuma.

"Mama, wewe umejuaje?"

"Mwanangu, nimeinjika vyungu tangu hujazaliwa."

Nilishuka, nikafungua boneti kwa ncha ya khanga, nikaona maji yanatiririka kwenye pampu yakikimbilia majanini. Hasira zikatoka barazani. Nilipiga tairi teke, na nilikuwa nimevaa ndala. Nikabaki narukaruka kwa mguu mmoja kando ya barabara.

"Sasa una wagonjwa wawili," akasema mama.

Nikampigia fundi. Hata salamu hakusubiri. "Umekwama kabla ya Makurunge au umepita?"

"Kumbe ulijua!"

"Si nilikwambia?"

"Ulikuwa unatania!"

"Nilikuwa natania. Na pampu ilikuwa inakufa."

"Vyote viwili?"

"Vyote viwili. Ulitaka mtani wako akwambieje?"

Nikakata simu kwa hasira. Ikabidi nipige tena, maana sikuwa nimemjibu nimekwama wapi.

Nilipomaliza naye, akapiga binti yangu. Nikasikia nyuma yake kelele za wanawake na vyombo. "Mama, shehe ameshaingia msikitini na wale wa upande wa bwana wapo naye. Mko wapi? Mimi sivai, nimewaambia. Sivai mpaka bibi aje." Nilimwambia tuko karibu. Tulikuwa mbali. Nikakaa kwenye ukingo wa barabara nikalia, wala sikumficha mama. Niliona ukoko ule tena, na safari hii aliyemwambia mama asubiri nilikuwa mimi.

Likasimama gari zuri, jeupe, linang'aa. Akashuka baba mmoja wa heshima zake, akamwamkia mama, akasema anakwenda Bagamoyo na nafasi anayo, atupeleke sote wawili. Nilisimama kabla hajamaliza. Mama akamshukuru, akamuuliza habari za nyumbani kwake, akamuuliza watoto wangapi, akamwombea dua, halafu akamwambia aende salama.

"Mama!" nikasema. "Twende! Gari nitakuja kulichukua baadaye!"

"Utarudi kulichukua?"

"Nitarudi, mama, wallahi."

"Na wao walisema hivyo."

Hakusema kwa uchungu. Alisema huku anampangusa kuku vumbi. Yule baba alitutazama, hakuelewa, akaondoka. Mimi nilielewa. Mama akapapasa kiti alichokalia, akasema, "Gari la mwanangu haliachwi njiani. Nami nimesema nitaingia nalo, nitaingia nalo."

Mnyamwezi alikuja na pikapu ya bluu ambayo najua si yake. Ni ya mwalimu mmoja wa Kaole aliyekuwa ameiacha gereji atengenezewe breki. "Naijaribu," akasema kabla sijauliza. Nikajikuta namshukuru Mungu kwa tabia ile ile niliyoilaani sokoni.

Nilikuwa nimejiandaa kumsikia akimtania mama kuhusu ile ndoa ya porini. Lakini alipofika dirishani alivua kofia, akainama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za safari?"

"Nzuri, bibi. Bibi, kusema kweli hapa sina la kufanya. Pampu imekufa kabisa. Nitakuomba uje mbele kwenye pikapu, nikufikishe, kisha nirudi kulivuta."

Kumbe mtu huyu anajua kusema! Kumbe kinywa kile kina maneno yaliyonyooka, na muda wote alikuwa akiyahifadhi!

Mama akamwambia, "Una kamba?"

"Ninayo."

"Basi vuta sasa hivi, mimi nikiwamo."

Fundi akanigeukia mimi nimsaidie. Nikamwambia, "Mtani, funga kamba."

Akafunga kamba nene ya katani. Mtu ambaye hajavutwa hajui. Injini ikiwa imezimwa usukani unakuwa mzito kama kinu, na breki ukikanyaga unakanyaga jiwe. Nilikuwa nasali, natoka jasho, na poda niliyopaka asubuhi inanitiririkia shingoni, huku macho yangu yakiwa kwenye ile kamba inayolegea na kukaza. Nyuma yangu mama alikuwa ameketi kama waziri. Tulipovuka daraja la Ruvu akaniuliza kwa nini siku zote siendi hivi polepole, ni raha sana, mtu anaona mashamba.

Mnyamwezi alianza kupiga honi tulipoingia mjini na hakuiachia tena. Watu walitoka madukani. Bodaboda wawili watatu wakadhani ni msafara wa bwana harusi, wakatufuata wakipiga honi zao. Tulipoingia mtaani kwetu wanawake waliokuwa uani walisikia makelele, wakatoka, wakamwona mama dirishani ananyoosha mkono. Vigelegele vikapasuka. Binti yangu, ambaye hakutakiwa aonekane na mtu, alitokeza mlangoni na nywele zake wazi, hajavaa, macho mekundu. Adhana ya adhuhuri ilikuwa haijalia.

Mama akashuka taratibu. Akalishika gari kwenye paa, akaligonga mara mbili kama unavyomgonga ng'ombe aliyefanya kazi nzuri. Kisha akaingia ndani na mjukuu wake. Nilikuwa mlangoni alipomfunika mtandio kichwani na kumwambia, "Haya, mke mwenzangu, nimekuja kukukabidhi mume wangu, umtunze." Chumba kizima kikacheka, na mimi nikalia mara ya pili siku hiyo. Sinia la kwanza la pilau lilipotoka nilihakikisha limewekwa mbele ya mama, limejaa, la moto, lenye nyama. Alikula, kisha akasema, "Hili nalo limeiva."

Huko nje fundi alikuwa amekaa juu ya boneti ya gari langu, amejifunga kamba kiunoni, anawatangazia ndugu za bwana harusi kwamba marehemu ni huyu hapa, ameuawa na Wakwere kwa uzembe, na hazikwi wala haondolewi mlangoni mpaka watani wapewe haki yao. Wageni wengine walishangaa. Wenyeji walikuwa wameshika mbavu. Mama akatoka mwenyewe, akamkabidhi yule kuku mwekundu. Fundi akampokea kwa mikono miwili, akasema kuku huyu amekonda kama wenyeji wake, akala na sinia la pilau peke yake.

Alipokuwa ananawa mikono nilimwendea. "Sikiliza," nikamwambia, na hasira zilikuwa zimerudi barazani. "Kumbe kuamkia unajua. Kuanzia leo utani wako endelea nao, siukatazi, ni wa babu zetu. Lakini siku gari likiwa na ugonjwa wa kweli, unipe shikamoo kwanza. Nikisikia shikamoo nitajua hakuna mchezo."

"Mimi? Nimwamkie Mkwere?" Akafuta mdomo. "Bora nife."

Lakini alikubali. Najua alikubali kwa sababu baada ya wiki chache, pampu mpya imeshafungwa, nilipeleka gari kwa kuwa lilikuwa linatoa moshi mweupe. Akafungua, akachungulia. Akachukua kitambaa akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja. Akaja akasimama mbele yangu na macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikasema, nikatafuta tairi nikakaa. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua, tangu ile siku ya kuchemsha. Sitasema ilikula nini. Niseme tu kwamba friji mpaka leo sina.

Tangu hapo nikienda gereji naenda na moyo mkononi. Nyimbo zake za misiba na sanda sizijali. Ninachoogopa ni adabu.

Mwezi uliopita binti yangu alijifungua. Mtoto wa kike, mwenye sauti ya kutosha kuita watu mtaa wa pili. Nilimpigia mama, naye akauliza swali moja tu, "Gari la mwanangu lipo?" Nikasema lipo. Nikalipeleka kwanza kwa fundi kabla sijaahidi siku.

Aliliwasha, akainamisha sikio. Akapitisha mkono chini. Akaenda nyuma, akarudi mbele, akafungua kifuniko cha rejeta akachungulia ndani muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akachukua kitambaa na kuanza kujifuta mikono, kidole kimoja kimoja, na wala hakuwa anacheka. Nikamwona mama kwenye kiti chake. Nikaanza kutafuta tairi la kukalia.

Akanyanyua macho. "We Mkwere," akasema, "sura mbaya kama umekula ndimu, umesimama hapo unaniletea mkosi kwenye kazi. Ondoa hiki kisufuria chako. Mwambie yule mchumba wangu wa Fukayosi anisalimie kuku."

Sijawahi kufurahia tusi kama nilivyolifurahia lile. Nilimtukana yeye, ukoo wake, na michembe yote ya Tabora, nikawasha gari, nikaondoka pale pale bila hata kupitia nyumbani. Njiani sikumpigia mama simu, nilitaka nimshtukize. Nilipokata kona ya kwake alikuwa tayari ameketi mbele ya nyumba, kikapu pembeni, kuku miguuni.